Tupeane uzoefu: Mhudumu wa afya aliyekupigania ukatibiwa pale ulipoambiwa "subiri"

Msafiri wa Kaliua
Wakuu, habari za jioni. Leo nimemsindikiza shemeji hospitali. Nikiwa nje ya mlango wa dharura ikaingia bajaji imembeba kijana wa bodaboda, mguu umechanika kuanzia gotini, kitenge walichomfunga kimelowa chapa na damu inadondoka sakafuni. Mtu wa mapokezi hata hakuinuka kwenye kiti. Swali la kwanza: "PF3 mnayo?" Yaani ile fomu ya polisi. Waliomleta ni madereva wenzake, wakabaki wanatazamana, mmoja akatoka mbio kutafuta pikipiki ya kumpeleka kituoni.

Ndipo akatoka nesi mmoja wa makamo, mfupi, anavuta machela mwenyewe. Hakugombana na mtu. Akasema, "Karatasi ya polisi itamkuta ndani. Wewe shika huku, wewe huku, moja mbili." Wakapita naye.

Nimekumbuka mbali sana. Mdogo wangu aliwahi kuchomwa kisu mnadani, tukazungushwa kituoni na hospitali, hospitali na kituoni, kwa sababu ya karatasi hiyo hiyo. Alipona, ila mkono wake wa kushoto mpaka leo haukunjiki vizuri. Siku ile hakutokea mtu wa kuvuta machela.

Haki ya afya naisikia kwenye redio na kwenye mabango. Mimi naamini inapatikana au inapotea hapo hapo mlangoni, mikononi mwa aliyevaa sare. Naomba tupeane uzoefu: nani alikupigania, alifanya nini hasa, alisema nini? Na wahudumu wenyewe mliomo humu, semeni yaliyowakuta. Majina ya hospitali na ya watu tuyaache.

Nasoma Tu
Nimekaa paleee. Kwenye PF3 umegusa penyewe mkuu.

Ngosha Mkulima
Mkuu umenigusa. Mimi kuna tabibu mmoja namwombea kila nikikumbuka.

Mke wangu alikuwa na mimba ya pili, tupo kijijini, kituo cha afya kiko umbali wa kutosha. Uchungu ukaanza jioni, mpaka usiku wa manane bado. Zamuni yupo tabibu kijana peke yake, ndiye wa wodi ya wazazi, ndiye wa watoto, ndiye wa kila anayebisha hodi. Alikuwa na ile karatasi ya kufuatilia uchungu, anaijaza kwa tochi ya simu ameishikilia kwa meno kwa sababu umeme ulikatika. Akaniita akanionyesha. "Huu mstari ukivuka hapa, haruhusiwi kubaki kwangu. Umeshavuka. Anatakiwa kufanyiwa upasuaji."

Gari la wagonjwa lipo, limepaki pale nje nalitazama. Dereva anasema mafuta hakuna, familia ichange. Mfukoni nina pesa ya kununua sabuni ya mtoto. Nikaanza kumpigia kaka yangu, simu haipatikani. Mama mkwe amekaa chini analia.

Yule kijana akampigia mganga mkuu wa wilaya, akamtoa usingizini. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, nikamsikia: "Bosi, shikamoo. Nina mama hapa wa kupewa rufaa, dereva anadai mafuta kwa ndugu. Naandika kwenye kitabu cha ripoti saa niliyokupigia na ulichonijibu." Na kweli kalamu ilikuwa mkononi. Kimya kidogo upande wa pili. Kisha dereva akapigiwa, na mafuta yakapatikana.

Kabla hatujaondoka akaniambia, "Chukua ndugu wawili wenye afya, msiende wawili tu na mgonjwa, huko mtahitaji kutoa damu." Hilo ndilo lililomwokoa mke wangu. Mtoto alitolewa analia vizuri, mama akatoka damu nyingi, na wale ndugu wawili walikuwa pale pale benchi. Bila ile kauli yake ningekuwa natafuta watu alfajiri kwenye mji nisioujua.

Kitabu cha ripoti. Sikujua kama kitabu kinaweza kuwasha gari.

Mama Pacha wa Mbagala
Umenitoa machozi kaka. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo habari ya mafuta. Kwa walio Tanzania sasa hivi kuna m-mama, piga 115, ni bure, kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Wanatafuta gari la wagonjwa, likikosekana wanaita dereva wa kawaida waliyeingia naye mkataba. Hifadhini hiyo namba kabla ya uchungu.

Ngosha Mkulima
Wakati ule kwetu haikuwepo, mama. Sasa ipo na nimewaona wakiitumia.

Jirani Mwema
Naomba nipingane kidogo na uzi huu. Mnawasifu watu kwa kufanya kazi wanayolipwa mshahara. Mimi nikimfikisha abiria Morogoro salama hakuna anayeniandikia uzi. Nesi kuvuta machela ni wajibu wake. Tabibu kupiga simu ni wajibu wake. Tukianza kuwashangilia kwa wajibu, wale wanaokaa kwenye kiti wataona kukaa ndiyo kawaida.

Nasoma Tu
Hapo Jirani ana hoja.

Mkunga wa Zamu
Jirani Mwema, wajibu ni wajibu, sikatai. Ngoja nikwambie wajibu unavyokuwa pale wanaokuagiza uukiuke ni wakubwa zako. Sijawahi kuandika haya popote.

Ni kabla ya 2021. Nipo zahanati, mimi na mhudumu mmoja wa usafi, mganga mfawidhi yupo semina. Wakaja mkuu wa shule ya sekondari na mtendaji wa kata na barua imegongwa muhuri. Wanataka nikapime mimba mabinti wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, na orodha ya matokeo nimkabidhi mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Mnakumbuka enzi hizo, binti akibainika ana mimba shule kwaheri.

Nikauliza wazazi wameambiwa? Mtendaji akajibu, "Sista, hili ni agizo, siyo mjadala." Nikaenda. Ningekataa kwenda wangemchukua mtu mwingine, nami nilitaka wale watoto wakutane na mtu atakayewasikiliza.

Nikaomba chumba, wakanipa stoo ya madawati. Nikamwingiza binti mmoja mmoja na kufunga mlango. Kila mmoja nilimwambia: hiki ni kipimo cha mimba, una haki ya kukataa, na majibu nakupa wewe. Wengi walikuwa wanatetemeka bila sababu yoyote, ni watoto tu wameona foleni na walimu wamesimama nje na fimbo. Nilitumia karibu siku nzima, kwa sababu kumbe wana maswali. Mmoja alikuwa hajui hedhi ni nini na yuko kidato cha pili.

Akaingia binti mmoja mdogo mdogo. Kabla sijafungua pakiti ya kipimo akanishika gauni, hakusema neno. Sikumpima. Nilimkalisha, nikamuuliza taratibu, akaniambia ni nani. Ni mtu mzima, anayeheshimika pale pale kijijini, na siku ile alikuwepo nje.

Jioni mkuu wa shule akanyoosha mkono: orodha. Nikamwambia, "Mwalimu, majibu ni ya mgonjwa. Nina taarifa moja tu ya kukupa: wapo wanaohitaji pedi na wapo wenye upungufu wa damu, nitawafuata kliniki." Akafoka. Mtendaji akaniambia nitajua sijui. Nikaondoka na karatasi zangu ndani ya kikapu, chini ya mboga, natembea huku miguu haina nguvu.

Kesho yake alfajiri nikampeleka yule binti na mama yake wilayani, kwa ofisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mama alikuwa hajui lolote, tulimwambia tukiwa kwenye basi. Nilichoogopa ni kwamba orodha ikitoka binti anafukuzwa, na yule mtu anabaki mtaani anasalimiwa.

Baada ya muda ikaja barua yangu ya uhamisho, kituo kilicho mbali ambako hata mtandao wa simu unapanda mlima kuutafuta. Hakuna aliyeandika kwamba ni kwa sababu ile. Niliitwa pia kujieleza, nikasema maadili ya uuguzi na ukunga yananitaka nitunze siri ya mgonjwa, na kama kuna sheria inayosema nimkabidhi mwalimu majibu ya maabara nionyeshwe. Hawakuionyesha.

Binti alijifungua kwa upasuaji maana nyonga zilikuwa bado. Waraka wa Elimu Namba 2 wa Novemba 2021 uliporuhusu waliojifungua kurudi, alirudi, hakumaliza. Mtoto mkubwa sasa. Kesi ilisuasua mpaka ikafa kwa kukosa mashahidi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama Pacha wa Mbagala
Dada yangu, Mungu akuweke. Nimesoma nimeacha ugali jikoni.

Baba Neema
Daah. Na bado ukahamishwa. Pole sana sista.

Mzee wa Tandale
Uzi umeshachukuliwa na Mkunga, wengine tusubiri.

Jirani Mwema
Pole dada. Ila nitasema ninachokiona hata kama mtanichukia. Agizo la serikali lilikuwa halali wakati huo. Wewe ni mtumishi. Kila mtumishi akichagua agizo la kutii, nchi itaendeshwaje? Na je, kwa kuficha, hukulea uhuni kwa wale wengine?

Mkunga wa Zamu
Nani aliyefichwa? Niliripoti polisi. Sikumripoti mtoto kwa mwalimu. Hayo ni mambo mawili.

Baba Neema
Jirani, mwenye "uhuni" hapo ni nani? Mtoto wa shule au lile jitu zima lililosimama nje? Una binti wewe?

Jirani Mwema
Ninao wawili. Ndiyo maana nauliza. Usinitukane.

Baba Neema
Sijakutukana. Nakuuliza ungependa jina la binti yako lisomwe mstarini.

Tabibu Mstaafu
Vijana, tulizeni kidogo. Nimefundisha maadili kwenye vyuo vya matabibu miaka mingi, swali la Jirani Mwema huulizwa kila mwaka na si swali la kipumbavu: mhudumu anapotumikia mwajiri na mgonjwa kwa wakati mmoja, wakigongana amfuate nani?

Darasani nilikuwa natumia mfano mmoja. Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alikamatwa Agosti 1977 Afrika Kusini. Akiwa mikononi mwa polisi Port Elizabeth aliumizwa kichwa. Madaktari wawili wa serikali walimwona, Ivor Lang na Benjamin Tucker. Lang aliandika cheti kwamba haoni tatizo. Tucker akaruhusu asafirishwe mpaka Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, uchi nyuma ya Land Rover. Akafa tarehe 12 Septemba. Wale madaktari hawakumpiga. Walitii tu. Baraza lao la utabibu lilikataa kuwachukulia hatua, mpaka madaktari wenzao, Frances Ames, Trefor Jenkins na Phillip Tobias wakiwemo, walipokwenda mahakamani kulilazimisha. Tucker alifutwa kwenye daftari la madaktari mwaka 1985.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka huo huo 1985, mji huo huo, chini ya Lang huyo huyo, alikuwepo daktari kijana anaitwa Wendy Orr, hata hajafika miaka 30. Kazi yake ni kuwapima mahabusu. Aliona alama za viboko na vipigo mgongo kwa mgongo, akawa anaziandika kwenye majalada, na wakubwa zake hawashughuliki. Septemba akaenda mahakama kuu na majalada yake. Mahakama ikawazuia polisi kuwapiga mahabusu. Yeye akaondolewa kazi ya magereza, hakuachiwa amani.

Ofisi moja, watumishi wa serikali ile ile. Mkunga, ulichofanya na kikapu chako ni cha ukoo wa Wendy Orr. Jirani Mwema, Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo ni la 1948 na limerekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari asitumie elimu yake kuvunja haki za binadamu, hata akitishwa. Lilikuja baada ya dunia kuona waliyoyafanya madaktari wa Hitler. Nao walisema tuliagizwa.

Jirani Mwema
Mzee wangu, shikamoo. Hapo nimekuelewa zaidi kuliko nilivyoelewa kwa wanaopiga kelele. Bado nafikiri ni hatari, lakini nimeelewa.

Tabibu Mstaafu
Marahaba. Ni hatari kweli. Ndiyo maana nataka mabaraza na vyama vya taaluma viwe nyuma ya mtu kama Mkunga, asisimame peke yake stoo ya madawati.

Bi Salme wa Mji wa Kale
Assalam aleykum nduguzanguni, mie niko Mombasa. Yaliyonikuta ni ya kuzuiliwa.

Nilijifungua hospitali ya kibinafsi, mambo yakaharibika, bili ikapanda. Mume wangu yuko baharini, simu haishiki. Waliponiruhusu kwenda nyumbani wakanambia sitoki hadi nilipe. Kitanda wakampa mwengine, mie na mwanangu godoro chini, na mlango wa wodi una bawabu. Nilikuwa na nyuzi, na kila siku ninayolala pale inaongezwa kwenye bili ile ile. Hebu nambieni nitalipa lini?

Usiku nesi wa zamu, msichana wa bara, akaja kunibadilisha bendeji. Akainama kama anayetazama kidonda, akaninong'oneza: "Mama, wewe hukushtakiwa, hukuhukumiwa. Mahakama Kuu 2015 ilisema ni makosa kumzuia mgonjwa kwa deni. Mwambie mtu wako amletee mkurugenzi barua ya wakili, wataogopa." Akaniandikia kwenye kipande cha kadibodi ya dawa: 43.

Kakangu alimtafuta wakili wa msaada wa kisheria. Barua ikafika asubuhi, adhuhuri niko nyumbani. Deni nilitia saini kulilipa kidogo kidogo na nimelimaliza, wallahi sidaiwi hata shilingi. Uamuzi ule ulihusu kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, jaji alikuwa Mumbi Ngugi. Hospitali ina haki ya kudai pesa yake kwa njia za kisheria. Kukugeuza mahabusu, la.

Na kifungu cha 43 cha katiba yetu kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kakariri mwanangu wa darasa la sita.

Nasoma Tu
Wakenya katiba yenu ina meno. Yetu ibara ya 11 inataja msaada wakati wa uzee na maradhi, halafu ibara ya 7 inasema mahakama haiwezi kuitekeleza sehemu hiyo. Sasa ukidai unadai wapi?

Mutiso wa Machakos
Meno gani? Nasoma Tu, karatasi ni nzuri. Mwaka 2015, katiba ikiwa na miaka mitano, mgonjwa alikaa ndani ya ambulensi saa 18 hapa Nairobi akizungushwa hospitali moja hadi nyingine akitafutiwa kitanda cha ICU, mpaka akafa. Kifungu cha 43 kilikuwepo.

Na mimi nitasema ya kwangu ingawa wengi humu mnawasifu madaktari. Babangu alishikwa na tumbo Januari 2017. Tulimfikisha hospitali ya kaunti, geti liko na mnyororo, askari peke yake. Mgomo wa madaktari. Tukaenda ya misheni, imejaa mpaka veranda, watu wamelala kwa benchi wakiwa na dripu zimefungwa kwa dirisha. Ya kibinafsi wakataka dipositi ambayo hata tukiuza ng'ombe wote haingetosha. Alikufa kwa gari la jirani, mimi nikiwa nimemshika kichwa. Utumbo ulikuwa umepasuka, kitu cha kupasuliwa kawaida.

Kwa hivyo mnaposema wahudumu wa afya ndio walinzi wa haki ya afya, mimi najiuliza siku mia moja zile za mgomo walinzi walikuwa wapi.

Daktari wa Kaunti
Mutiso, pole sana ndugu yangu. Nitakujibu kwa sababu mwaka huo nilikuwa intern, daktari wa mafunzo, na nilikuwa mgomoni.

Kabla ya mgomo nilikuwa zamu wodi ya watoto. Inkubeta moja watoto watatu. Glavu unanunua mwenyewe ukipokea mshahara. Usiku niliwahi kupuliza hewa kwa mkono, kwa mfuko wa kubana, mtoto mmoja, huku mama wa mwingine anavuta koti langu, na hakuna daktari mwingine jengo zima. Serikali ilitia saini makubaliano na sisi Juni 2013. Ikapita miaka mitatu na zaidi bila kutekelezwa. Ndani yake hakukuwa na mishahara tu, mlikuwemo idadi ya madaktari na vifaa. Februari 2017 maafisa saba wa chama wakafungwa jela kwa kukataa kusitisha mgomo. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, hebu uliza wangapi wamefika.

Nilidhani tunapigania ile wodi. Lakini sitakwambia babako alikuwa gharama ya lazima. Hakuwa.

Mutiso wa Machakos
Asante kwa kunijibu kama mtu. Wengine hunijibu kama chama.

Mzee wa Tandale
Hapa kwetu 2012 mnaikumbuka? Muhimbili ilisimama. Juni Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, akatekwa usiku, akapigwa, akatupwa msitu wa Mabwepande. Mwaka huo mama yangu alikuwa anasubiri upasuaji wa jicho. Niliwakasirikia madaktari mpaka nilipoona picha zake gazetini, ndipo sikujua tena nimkasirikie nani.

Mama Pacha wa Mbagala
Mimi naona mgomo usiguse dharura na wazazi. Basi. Mengine gomeni.

Baba Neema
Bila kugusa dharura hakuna atakayewasikiliza, watagoma mwaka mzima.

Tabibu Mstaafu
Nipo na Mama Pacha. Ukiacha mlango wa dharura bila mtu umepoteza hoja yako hata kama madai ni ya kweli. Nimewahi kuwaambia vijana wangu hivyo na wakanuna.

Daktari wa Kaunti
Mzee, na 2024 tuligoma tena siku 56, kwa sababu ya interns walewale wasiopangiwa kazi. Katibu wetu Davji Atellah alipasuliwa kichwa na kopo la gesi ya machozi kwenye maandamano Februari. Usinifanye nirudie yote.

Bukavu Kwetu
Nawasalimia wote, niko Bukavu, mnisamehe Kiswahili cha huku. Mnaongelea wanganga wanaolipia gharama, sisi tuko na Denis Mukwege, munganga wa wamama. Alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 kwa nia ya kuzalisha wamama, mgonjwa wa kwanza akamletea majeraha ya kubakwa na risasi. Angeweza kushona tu na kunyamaza, maana kushona peke yake ilikuwa kazi ya kutosha. Akaenda kusema mpaka Umoja wa Mataifa. Oktoba 2012 wakamngojea nyumbani kwake na bunduki, mlinzi wake akauawa, yeye akapona, akakimbia nchi na familia.

Wamama wa huku, wale aliowatibu, wanaoishi kwa kuuza matunda na mboga, wakaanza kuchanga pesa ya tiketi yake ya ndege. Januari 2013 akarudi. Dada ya mama yangu alichanga, nilimuona akihesabu noti za franka zilizochakaa kwenye meza. 2018 akapata Nobeli pamoja na Nadia Murad, lakini huku sisi tunahesabu ile siku ya kurudi.

Jirani Mwema, ulisema kwa nini tuwasifu. Dada ya mama yangu hakuwa anasifu. Alikuwa anarudisha munganga kazini.

Mkunga wa Zamu
Bukavu, asante. Nimeisoma hii mara mbili.

Ngosha Mkulima
Wakuu tuweke na mbinu basi, mtu akikwama afanyeje. Mimi naanza: uliza jina la aliyekuzuia, na muulize kwa upole "naomba uniandikie kwamba umekataa". Hakuna anayeandika.

Baba Neema
Rekodi video, weka mtandaoni, utahudumiwa haraka kama waziri.

Mkunga wa Zamu
Usirekodi ndani ya wodi, tafadhali. Nyuma yako kuna mama kafunuliwa kanga na mtu wa CTC, kliniki ya wenye VVU, ambaye hata mkewe hajui. Siri yao nayo ni haki.

Bi Salme wa Mji wa Kale
Nenda na mama mkwe. Wangu mie akiingia hospitali mpaka daktari mkuu husimama.

Mzee wa Tandale
Mama mkwe wangu ataongeza ugomvi, tutatolewa wote na mgonjwa. Nenda na mtu mpole anayejua kusoma ukutani: mkataba wa huduma kwa mteja na namba za malalamiko hubandikwa pale mapokezi.

Tabibu Mstaafu
Mwombe mganga mfawidhi au aliye zamu, kwa cheo, si kwa kelele. Kwa gharama, ofisa ustawi wa jamii. Kosa la kitaaluma, Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya ni KMPDC, baraza lao la madaktari, na baraza lao la wauguzi. Andika tarehe na saa.

Jirani Mwema
Na ukihudumiwa vizuri peleka barua ya pongezi kwa mganga mfawidhi, iingie kwenye jalada la huyo mtumishi. Siku akiletewa uhamisho iwe na kitu cha kushindana nayo. Hilo nimelifikiria tangu nisome kisa cha Mkunga.

Binti wa Rukwa
Samahani wakuu, naingilia. Niko hospitali sasa hivi na bibi, ana miaka 67, kifua kinambana. Dirisha la wazee limefungwa, wamesema turudi kesho au nilipie faili na vipimo. Nina elfu kumi na mbili. Kitambulisho chake cha mzee kimebaki kijijini.

Baba Neema
Miaka 60 kuendelea ni bure! Usilipe hata mia.

Tabibu Mstaafu
Si kila mzee, sera inasema asiye na uwezo, na huthibitishwa. Lakini hilo ni la kesho. Kifua kubana ni dharura, usibishane dirishani.

Mkunga wa Zamu
Mdogo wangu, ondoka hapo dirishani, nenda chumba cha dharura, mkalishe bibi wima asilale. Mwambie nesi wa kwanza utakayemwona: "Bibi anashindwa kupumua." Tumia maneno hayo hayo, usianze na habari ya kitambulisho. Wakimpokea, omba ofisa ustawi wa jamii wa zamu aitwe. Wakikukatalia, niandikie hapa hapa, nipo macho mpaka asubuhi.

Binti wa Rukwa
Nimeingia. Kuna kaka amemwekea oksijeni, anauliza alianza lini.

Mkunga wa Zamu
Mjibu yeye kwanza, simu weka chini. Na dawa za presha alizokuwa anatumia mtajie zote.